Kupima safari ya maarifa ya teknolojia: marejeo ya hataza au kipimo kingine?

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, pale Mlimani na katika vyuo vingine vya Dar es Salaam hawakosekani wanafunzi wa uzamili wanaotaka kupima jinsi maarifa ya teknolojia yanavyosafiri: kutoka chuo kwenda kiwandani, kutoka nchi moja kwenda nyingine, kutoka kampuni hii kwenda ile. Wengi wao huanza na marejeo ya hataza, yaani nyaraka za awali zinazotajwa ndani ya hataza, hati inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa sababu data zake zinapatikana bure na waliotangulia wameandika mengi juu yake. Wengine wanaishia hapo hapo. Nawaandikia wao ulinganisho huu, pamoja na maofisa wa sera wanaotakiwa kupeleka namba mezani kwa bosi kabla ya bajeti.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa maswali mengi tunayouliza hapa kwetu, kuhesabu hataza zinazotaja hataza nyingine hakustahili kuwa chaguo la kwanza. Ila kuna aina ya pili ya marejeo, ya hataza zinazotaja makala za kisayansi, ambayo inatufaa sana na watu wanaipita tu.

Hataza inayotaja hataza

Fungua ukurasa wa mbele wa hataza yoyote ya Marekani ya miaka ya karibuni. Kuna sehemu yenye namba 56 kwenye mabano, na chini yake orodha ya nyaraka zilizotangulia: hataza za zamani, za nchi nyingine, na makala. Kipimo chote kimejengwa juu ya orodha hiyo. Hataza B ikiitaja hataza A, tunachukulia kwamba kuna kitu kilichotoka A kikafika B.

Mwaka 1991 mchumi Paul Krugman aliandika kwamba mtiririko wa maarifa hauachi nyayo kwenye karatasi ambazo mtu anaweza kuzifuata. Miaka miwili baadaye Adam Jaffe, Manuel Trajtenberg na Rebecca Henderson wakaonyesha kwamba wakati mwingine nyayo zipo. Walichukua hataza za vyuo vikuu na kampuni za Marekani, wakatafuta hataza zilizozitaja, kisha kwa kila hataza iliyotaja wakaiwekea mwenzake: hataza ya kundi lile lile la teknolojia, ya kipindi kile kile, ambayo haikutaja. Walipolinganisha mahali zilipotoka, waliona hataza zinazotaja zina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka mji au jimbo moja na ile iliyotajwa, hata baada ya kuondoa kampuni zinazojitaja zenyewe. Mpango huo wa kuweka mwenza ndio moyo wa njia hii. Nikisoma kazi inayosema "asilimia kadhaa ya marejeo yanatoka nchi fulani" bila kundi linganishi, huwa siioni kama kipimo. Huenda nchi hiyo ndiyo yenye viwanda vingi vya aina hiyo, basi.

Faida zake hazibishaniwi. Mkusanyo uliotolewa mwaka 2001 na Hall, Jaffe na Trajtenberg ulikuwa na karibu hataza milioni 3 za Marekani za miaka 1963 hadi 1999, na marejeo zaidi ya milioni 16 kuanzia 1975. Leo mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kutosha anaweza kupakua zaidi ya hayo, au kutafuta moja moja kwenye tovuti za kutafutia hataza kama Google Patents, Espacenet na Lens. Hakuna dodoso linaloweza kurudi nyuma miaka 40.

Sasa shida zake, na hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni nani aliyeandika rejeo. Tangu 2001 ofisi ya hataza ya Marekani inaonyesha rejeo lipi limewekwa na mkaguzi wa serikali na lipi limeletwa na mwombaji. Kwenye Google Patents utaona kinyota kwenye yale ya mkaguzi. Juan Alcácer na Michelle Gittelman walipozichambua data hizo mwaka 2006 walikuta kwamba kwenye hataza ya wastani asilimia 63 ya marejeo yamewekwa na mkaguzi, na kwamba katika asilimia 40 ya hataza marejeo yote ni ya mkaguzi. Fikiria maana yake: mvumbuzi anaweza kuwa hajawahi kuisikia kazi inayodaiwa kumfundisha. Hata Jaffe na wenzake walipowauliza wavumbuzi wenyewe, katika matokeo ya mwaka 2000, karibu nusu ya marejeo hayakuonyesha dalili ya mawasiliano yoyote.

Upande wa pili, sheria ya Marekani inamtaka mwombaji aeleze nyaraka zote anazozijua zinazohusika, kwa hiyo mawakili wengine hujaza mamia ya marejeo ili kujilinda. Ofisi ya hataza ya Ulaya haina sharti kama hilo, na marejeo mengi ya huko hutoka kwenye ripoti ya mkaguzi. Ukichanganya hesabu za Marekani na za Ulaya kwenye jedwali moja unalinganisha taratibu za ofisi mbili, na maarifa hayamo.

Ya pili ni kundi la teknolojia. Mwaka 2005 Peter Thompson na Melanie Fox-Kean walirudia kazi ile ya Jaffe na wenzake ya 1993 wakitumia makundi madogo zaidi kuchagua wenza. Ukaribu wa ndani ya Marekani, wa jimbo na mji, ukayeyuka. Uliobaki ni ule wa ngazi ya nchi. Swali lile lile, data zile zile kwa sehemu kubwa, jibu tofauti kwa sababu ya kuchagua mwenza kwa uangalifu zaidi. Usiandike sura ya mbinu kabla ya kuwasoma hawa wawili.

Ya tatu ni muda. Katika mkusanyo ule wa 2001, nusu ya marejeo yalikwenda kwa hataza zenye umri wa miaka 10 au zaidi kuliko zile zinazotaja, na robo kwa zenye miaka 20 au zaidi. Hataza ya mwaka 2022 isiyotajwa na yeyote haijashindwa, wakati wake haujafika. Tena idadi ya marejeo kwa kila hataza ilipanda kutoka kama 5 mwaka 1975 hadi zaidi ya 10 mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo rejeo moja la leo halina uzito sawa na rejeo moja la zamani. Linganisha hataza za mwaka mmoja na kundi moja, au usilinganishe.

Ya nne inatuhusu sisi moja kwa moja. Tanzania Bara tunasajili hataza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, Zanzibar ina ofisi yake, na ipo njia ya kikanda kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare. Hataza za wavumbuzi Watanzania ni chache mno, na chache zaidi ndizo zilizoombwa Marekani au Ulaya ambako marejeo hukusanywa kwa wingi. Wakati huo huo nenda Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar es Salaam. Fundi analetewa mashine ya kufyatua matofali ya kufungamana aifanyie matengenezo. Anaifungua, anapima kila kipande kwa futi kamba, anachora kwa chaki kwenye bati, anabadilisha mkono wa kubania kwa sababu chuma kile cha asili hakipatikani mjini. Muda si mrefu jirani yake naye anauza ya kwake, imeboreshwa kidogo. Maarifa yametembea mara mbili na hakuna ofisi yoyote duniani iliyoandika. Na mara nyingi ni halali kabisa: hataza ya nje ambayo haikusajiliwa hapa, au iliyokwisha muda wake, yeyote nchini anaweza kuitumia. Matumizi hayo hayaachi rejeo hata moja, ingawa kusambaa kwa maarifa ndiko kulikokusudiwa pale hataza ilipochapishwa wazi.

Kwenye viwanda vikubwa hali ni ile ile. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z Textile Mills cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset vyenye dawa ya kudumu, kwa teknolojia iliyotolewa na Sumitomo Chemical ya Japani bila malipo ya leseni. Ni miongoni mwa mifano mikubwa ya uhamishaji wa teknolojia katika historia ya viwanda vyetu. Mtu anayehesabu hataza za Kitanzania zinazotaja hataza za Kijapani angeandika sifuri.

Hataza inayotaja makala

Hii ndiyo ninayoitetea. Katika orodha ile ile ya namba 56, chini ya hataza zilizotajwa, kuna nyaraka nyingine, na nyingi ni makala za majarida ya kisayansi. Michael Roach na Wesley Cohen walilinganisha marejeo na majibu ya dodoso la maabara za viwanda vya Marekani, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba marejeo ya makala yanaakisi maarifa yanayotoka kwenye utafiti wa umma vizuri kuliko marejeo ya hataza kwa hataza. Walionya pia kwamba hata hayo yanaacha mengi, hasa yale yanayopita kwa mazungumzo na mikataba ya utafiti.

Kwetu uzuri wake uko hapa: hataza tunazo chache, lakini makala tunazo, na katika maeneo fulani tunazo nyingi na nzito. Chukua malaria. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo ni Bagamoyo na Korogwe. Makala zinazotokana na kazi za namna hiyo zina nafasi ya kutajwa na kampuni inayotengeneza dawa, kipimo au chanjo popote duniani. Swali "maarifa yaliyozaliwa Tanzania yametumiwa na nani?" linajibika hivi, na bado watu wanalijibu kwa hataza tupu.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Kwenye Lens kila makala ina alama ya kuonyesha imetajwa na hataza ngapi, na unaweza kuchuja kwa jina la taasisi. Matt Marx na Aaron Fuegi nao walichapisha mwaka 2020 mkusanyo wa wazi wa marejeo ya hataza kwa makala, pamoja na alama za kuonyesha ni kwa kiasi gani wana uhakika na kila kiungo. Kinachohitaji subira ni majina ya taasisi. Muhimbili kabla ya 2007 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo makala za wakati huo zinaweza kusomeka kwa jina la chuo mama. Sokoine ilikuwa kitivo cha chuo hicho hicho kabla ya 1984. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara nayo imebadili jina. Usipoandaa orodha ya majina yote ya kale na ya sasa, utapoteza sehemu ya historia na kudhani kwamba utafiti ulianza juzi.

Mipaka yake usiifiche. Makala moja ya jaribio la dawa inaweza kuwa na waandishi makumi, Watanzania wakiwa watatu. Amua mapema kama utahesabu makala nzima au mgawo wa kila mwandishi, na mimi napendelea kuonyesha zote mbili. Tiba, baiolojia na kemia hutajwa sana, uhandisi wa mashine hutajwa kidogo, kwa hiyo usizilinganishe taaluma hizo kama ziko ngazi moja. Wakaguzi nao huweka makala, japo kidogo kuliko wanavyoweka hataza. Na muhimu kuliko yote, kipimo hiki kinaonyesha kinachotoka kwetu. Kinachoingia hakionyeshi.

Kuwafuata watu

Maarifa mengi hutembea na mwenye nayo. Paul Almeida na Bruce Kogut mwaka 1999 waliwafuata wahandisi wa vifaa vya semikonda wa Marekani kupitia hataza zao, wakaona katika Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia huko California, kuhama kwao kati ya kampuni kunaelezea sehemu ya maarifa kubaki eneo lile. Ajay Agrawal, Iain Cockburn na John McHale mwaka 2006 wakaonyesha kwamba hata mvumbuzi akihama mji, wenzake wa alikotoka huendelea kumtaja kuliko inavyotarajiwa.

Kwa Dar es Salaam njia hii ni ngumu kwa sababu mbili. Hataza ni chache za kumfuata mtu, na majina yetu yanavuruga programu: mtu mmoja anaandika jina lake na la baba leo, kesho anaongeza la babu, na akina J. Mushi wako wengi. Ukiwa na daftari la wahitimu la chuo, lenye mahali wanapofanya kazi, tumia hilo badala ya hataza.

Mashine, mizigo na leseni

David Coe na Elhanan Helpman, katika kazi ya 1995 iliyohusu nchi 22, walionyesha kwamba tija ya nchi inahusiana na utafiti unaofanywa na nchi inazonunua bidhaa kwao. Wazo linavutia kwa mtu anayeishi karibu na bandari: mashine ikishuka, na maarifa yameshuka. Lakini Wolfgang Keller mwaka 1998 aliweka washirika wa biashara waliochaguliwa kwa bahati nasibu badala ya wale halisi, akapata matokeo mazuri kama yale au zaidi. Tangu hapo mtu anayetumia njia hii anapaswa kuonyesha kwamba washirika halisi wanaeleza kitu ambacho wa kubuni hawaelezi.

Kuna tahadhari ya hapa hapa. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Mashine za sura ya 84 ya vitabu vya forodha zinazopita kwenda Lubumbashi hazijamfundisha mtu yeyote Mbagala. Tenganisha mizigo ya transiti kabla ya kuanza hesabu.

Leseni zinaeleza zaidi pale zinapopatikana. Tazama hataza ya Stanley Cohen na Herbert Boyer juu ya kuunganisha vinasaba, iliyoombwa 1974 na kutolewa Desemba 1980. Hadi muda wake ulipokwisha mwaka 1997 ilikuwa imetolewa leseni kwa kampuni 468 na kuingiza dola zaidi ya milioni 250. Makala yao ilikuwa imeshachapishwa tangu 1973, na maabara duniani zilikuwa zinafuata njia yao kabla hataza haijatoka. Mvumbuo mmoja, nyayo za aina tatu, na kila moja inaonyesha watumiaji tofauti: makala inawaonyesha wanasayansi, leseni inazionyesha kampuni zilizokuwa tayari kulipa, marejeo ya hataza yanawaonyesha waliokuja kudai kitu kipya baadaye. Tatizo ni kwamba mikataba ya leseni nchini kwetu huwa ni siri ya wahusika, na mtafiti hupata anachopewa.

Kuuliza

Kwa wanaotafiti Gerezani, Keko au gereji za Tabata, sioni njia ya kukwepa dodoso na mahojiano. Mwongozo wa Oslo, mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu, toleo la 2018, unaelekeza maswali juu ya vyanzo vya maarifa ya ubunifu, lakini yameandikwa kwa kampuni yenye idara. Fundi ukimuuliza "vyanzo vyako vya maarifa ya nje ni vipi?" atakujibu kwa heshima jambo ambalo halikusaidii. Muulize: "Mashine ya kwanza ya aina hii uliiona wapi? Nani alikuonyesha? Umebadilisha nini?" Simama naye karibu na mashine yenyewe, umwache aguse kipande anachokitaja. Kwa majibu ya namna hiyo unaweza kuchora mtandao wa nani kajifunza kwa nani, jambo ambalo data za hataza haziwezi kulifanya mahali penye hataza sifuri.

Gharama yake ijue. Barua ya chuo, kibali cha mkoa, cha wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa mtaa. Nauli, posho ya wasaidizi, na wiki za kusubiri. Watu husahau, na wengine hujipa sifa ya kubuni walichokopi. Ndiyo maana ni vizuri kuwauliza pande zote mbili, aliyejifunza na aliyefundisha, na kuhesabu tu viungo ambavyo wote wamevitaja, au angalau kuvitenga.

Basi uchague kipi

Kama swali lako ni kampuni kubwa za nchi zenye hataza nyingi zinavyofundishana, mathalani betri za China, Korea na Marekani, chagua marejeo ya hataza kwa hataza bila kusita. Tumia ofisi moja, tenga ya mkaguzi na ya mwombaji, ondoa ya kampuni kujitaja yenyewe, weka wenza wa kundi dogo, na usome matokeo mara mbili: kwa yote, kisha kwa ya mwombaji peke yake. Yakitofautiana sana, hiyo ni habari ya kuripoti.

Kama swali ni utafiti wa Tanzania unanufaisha nani duniani, chagua hataza zinazotaja makala. Mwenye miezi michache na asiye na fedha ataimaliza kazi hii vizuri.

Kama swali ni teknolojia inaingiaje nchini, anza na mashine na leseni kupata picha ya jumla, kisha chagua kiwanda kimoja au viwili uvifuatilie kwa mahojiano. Takwimu za forodha peke yake nisingezipitisha kama ningekuwa msimamizi wako.

Na kama swali ni mafundi, weka bajeti yote kwenye kuuliza. Ofisa wa sera anayeona dodoso ni ghali afanye mtaa mmoja na aina moja ya mashine, kwa mfano mashine za kupukuchua mahindi, kuliko kuipamba ripoti kwa idadi ya hataza za taifa ambayo mafundi hao hawamo.

Vyovyote utakavyochagua, andika tarehe uliyopakua data na toleo lake. Marejeo huongezeka kila wiki hataza mpya zinapotolewa, na mkusanyo wa Marx na Fuegi hutolewa kwa matoleo. Msomaji anayetaka kurudia kazi yako mwakani hatapata namba zile zile asipojua ulisimamia wapi.